Jina la Mama Kwenye Mfano

Jumanne, Makindye

Hakusoma. Hata mstari mmoja.

Wiki tatu nimeandika maelezo ya vipande vya skrini tunavyovitumia kwenye kila programu ofisini. Kila kipande nimekiwekea mfano hai: unabadilisha msimbo hapo hapo na kuona matokeo. Kwenye kisanduku cha ujumbe niliweka jina la mamangu, kama majirani wanavyomwita: "Mama Zaituni, miadi yako imefutwa." Juu yake nikaandika wazi, badilisha maneno haya kabla ya kutumia.

Okello, tunayekaa naye meza moja, akanakili vyote akavitia kwenye programu ya kliniki. Leo asubuhi kila mgonjwa aliyefungua simu ameitwa Mama Zaituni na kuambiwa asije. Mzee mmoja wa presha alikuwa ameshafika getini. Akarudi zake Naguru bila kumwona daktari. Huyo ndiye anayeninyima raha.

Na bosi ananiuliza mimi.

Okello naye: "Dada Zaituni, mfano wako ulikuwa unafanya kazi vizuri. Ningegusa nini?"

Nikageukia kompyuta yangu, nikafungua yale maelezo.

Jina la mama nimelitoa. Mfano sasa unasema, "Okello, miadi yako imefutwa." Onyo la juu sikuligusa. Hawalisomi.