Sidii ya Miaka Mia

Shieywe, Kakamega,
14 Novemba 1999

Kwako mdogo wangu Onesmus,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Wanyama. Natumai huko Francistown mnaamka salama, wewe, Jepkemboi na watoto, na kwamba lile jua mnalolilalamikia kila barua limepunguza makali. Sisi hatujambo. Kule nyumbani Lumakanda mahindi yamevunwa na yanaanikwa, japo mvua inatuchezea. Baada ya kusema hayo, nisijifanye mpole. Nimekasirika, na katika hasira hii wewe nawe una fungu lako.

Ulipoandika mwezi wa pili ukitaka kanda ya video ya mama ihamishiwe kwenye sidii, sikubisha. Kanda ilikuwa imeanza kuchoka. Picha ilijaa mistari, na sauti ya mama iliyumba kama redio iliyoishiwa na betri. Nayo ndiyo kanda pekee tuliyo nayo, ile aliyoipiga binamu yetu Lusweti Krismasi ya mwaka wa tisini na sita, miezi mitano kabla hatujamzika mama. Ulisema watoto wako hawajawahi kumsikia nyanya yao akizungumza, na kwamba wewe mwenyewe, kwa kuwa hukufika mazishini, huna lolote la kumkumbukia ila picha ndogo ya kitambulisho. Nilikuelewa kabisa. Sikujua tu kwamba kukubali kwangu kungenitia mikononi mwa wataalamu.

Mtaalamu wa kwanza ni wewe. Mwezi wa nne uliniandikia nitengeneze sidii ya video, tena upesi. Mwezi wa sita ukasema niache, ningoje hizo dividii zinazokuja, kwani sidii zitapitwa na wakati. Mwezi wa nane ukasema umesoma mahali kwamba sidii zenye tumbo la kijani hufa mapema, nitafute za rangi ya dhahabu. Onesmus, nani alikuambia kwamba hapa Kakamega tunachagua sidii kama maharagwe sokoni? Uko mbali, una kalamu, basi unaamuru tu. Siku mama alipolazwa hukuwa na maagizo mengi hivyo.

Mtaalamu wa pili ni Erastus, yule mpiga picha wa harusi ambaye siku hizi ana studio mjini. Mara ya kwanza aliniapia kwamba hakuna kinachodumu kama kanda, ukiitunza mbali na unyevu. Wiki mbili baadaye akatoka Nairobi na imani mpya, akaniambia sidii hukaa miaka mia moja bila kubadilika. Nilimwuliza sidii yenyewe imezaliwa lini, hata awepo mtu aliyeihesabia miaka mia. Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama hakuwa harusi ya kujaribia mitambo.

Mwishowe nilichoka, nikachagua mwenyewe. Dividii hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kuiona, na mama hawezi kungoja kitu ambacho hakijafika. Nikaamua ni sidii ya video, na iwe ya dhahabu kama ulivyotaka. Erastus akaipeleka kanda Nairobi mwenyewe, kwa kuwa hapa hakuna mwenye mtambo wa kuihamisha. Aliporudi akaiweka sidii kwenye mashine yake ya studio, na mama akatokea, Onesmus, akifukuza kuku wa jirani kwa mwiko. Nililia mbele ya watu waliokuja kupigwa picha za pasipoti. Erastus akanikabidhi vyote viwili, sidii na kanda, akasisitiza kwamba kanda nisiitupe. Nawe ulikuwa umeandika hivyo hivyo. Hapo tu ndipo nyinyi wawili mlipowahi kukubaliana.

Sasa nikueleze kilichonitibua. Mimi sina mashine ya sidii. Lusweti anayo kule Matungu, tangu alipoajiriwa kiwandani, akaniomba aipeleke huko wazee wamwone mama. Nikampa sidii kwa siku nne. Akaja kuirudisha akiwa na uso wa mtu aliyeangusha chungu cha wenyewe, akisema picha inakwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu inaganda, sauti inakatika, na mashine inaitema sidii nje. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilisema watoto wake wameishika kwa mikono yenye mafuta. Nilisema waliichezea sakafuni. Mke wake, aliyekuja naye, akainamisha uso, nami nikaona huko kuinama kuwa ushahidi. Lusweti alichukua kofia yake akaondoka bila kunywa chai, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Kesho yake nilimvamia Erastus. Nilimwita mwongo mbele ya wateja wake, nikamwuliza miaka mia yake imeishaje kwa wiki tatu. Aliichukua sidii, akaigeuza tumbo, tumbo lilikuwa safi. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nisogee nitazame.

Mdogo wangu, niliona mwanga wa dirisha ukipenya kupitia herufi za jina langu.

Unajua mimi ndiye mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama kanisani. Kukiwa na matanga, sufuria, sahani na mabakuli yetu huazimwa, na chombo kisicho na alama hakirudi. Kwa hiyo kila kitu changu nimekichora jina kwa msumari, hata beseni, hata kiti cha Wanyama. Kabla ya kumpa Lusweti sidii nilifanya hivyo hivyo. Nilijua tumbo linalong'aa lisiguswe, kila mtu anasema hivyo, basi nikaandika mgongoni, pembeni kabisa, ROSEBELLA, nikakazia vizuri ili isipotee. Erastus akanieleza kwa upole ulioniuma kuliko tusi kwamba picha hazikai tumboni. Zinakaa mgongoni, chini ya ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na filamu huanzia katikati na kumalizikia pembeni. Nilimkwaruza mama kwa mkono wangu.

Na kanda? Niliwapa kwaya siku ile ile niliyopata sidii. Walikuwa wanakwenda mashindanoni na hawakuwa na kanda ya kurekodia. Nilijiona mkarimu, mwanamke mwenye sidii ya miaka mia. Pale alipokuwa mama sasa kuna sauti ya tatu ya kwaya ikiimba nje ya ufunguo.

Hayo bado si ungamo langu. Ungamo langu ni hili. Sehemu iliyoharibika ni ile ambamo mama anakusemesha wewe. Miaka hii yote nimekuambia kwamba kwenye kanda alikusalimia tu. Nilikudanganya. Nilikuwa nimekasirika kwamba nilimwosha mama, nikamvika, nikamzika bila wewe, na nilitaka ikuume. Ulipoanza kudai sidii nilijiambia moyoni, basi, utasikia mwenyewe, nami sitalazimika kukiri. Sasa hakuna wa kunisaidia, naandika kwa mkono huu huu.

Lusweti alimwambia amsalimie Onesmus. Mama aliweka ungo wa maharagwe chini, akatazama kamera, akakuita papa kama anavyoitwa mwana apendwaye, akasema: "Onesmus, papa, naonanga siku zangu si nyingi. Ukisikia nimeenda, usiache kazi ukimbie na ndege. Mimi ndio nilikutuma huko. Mtu akikuuliza mbona hukuja kunizika, mwambie mama alikukataza." Kisha akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Maneno yake ndiyo hayo, sikuongeza wala kupunguza. Mtu aliyekuwa akikuuliza mbona hukuja ni mimi, barua baada ya barua, nami nilikuwa nayo majibu kabatini. Najua unayo haki ya kutoamini mdomo uliokuficha. Mwandikie Lusweti, yeye ndiye aliyeshika kamera na aliyasikia. Nami Jumamosi nakwenda Matungu kumwangukia, kama atanifungulia mlango.

Wanyama anakusalimu, bado hajui lolote kati ya haya. Mpe Jepkemboi mkono wangu, na uwabusu Tyson na Lynette. Uwaambie nyanya yao aliyasema hayo akiwa mzima, akicheka, na alimtaja baba yao kwa jina.

Ni mimi dada yako,
Rosebella