Meera Alivyongoja Magharibi

Ijumaa, Ansab

Bado nacheka peke yangu, ingawa nna wasiwasi kidogo.

Meera, mwenzangu wa chuo kutoka India, tulikwenda naye soko la Matrah kununua bangili za Navratri, sikukuu yao ya Kihindu ya siku tisa, tukapita nyumbani kwetu. Aliposema amefunga, mama akaiondoa haraka sinia ya matunda. "Subiri kidogo, mwanangu, magharibi inakaribia."

Meera akangoja. Mama naye hakugusa kitu mpaka kukaadhiniwa, akampa tende.

Garini ndipo Meera aliponambia funga yao inaruhusu matunda kutwa nzima, ila nafaka na kunde hawali. Niliona haya, nikasema nitamweleza mama.

"Usimwambie. Mwaka jana nilifunga peke yangu chumbani. Leo nimengojewa."

Basi sijamwambia. Na mama ameshaloweka kunde za futari ya Meera ya kesho.