Mstari Ambao Haumo Daftarini

Jumanne, Karambi. Mawingu yameshuka kutoka mlimani tangu asubuhi na hata kuku wa uani siwaoni. Nina woga. Nauandika hapa, huenda ukapungua.

Ijumaa nina mtihani wa kazi mjini Kasese. Unapewa habari ndefu, unasoma, wanaichukua, unajibu. Mwaka jana nilinyang'anywa karatasi nikiwa katikati. Nikifeli tena narudi sokoni Bwera kuuza nyanya, na nimezichoka nyanya.

Basi najizoeza. Nashusha kadi juu ya mistari niliyokwisha kusoma, ili macho yasirudi nyuma. Kisha nafunga na kumsimulia Mama nilichoshika. Magazeti yameniishia, kwa hiyo leo nimechukua daftari la marehemu Baba, la mambo ya kahawa.

Kurasa mbili, dakika tatu. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikasimulia: miche, kivuli cha migomba, mbolea, na kwamba kule chini karibu na mto pasichimbwe, mtoto amelala.

Mama aliacha kuchambua maharage. Yeye ni mzaliwa wa Butembo, na akishtuka Kiswahili chake hurudi ng'ambo ya mpaka.

"Ni nani alikuambiaka ile maneno?"

"Baba ameandika, Mama."

"Ile haiko mu daftari. Tuliapaka na baba yako hatutaiandika."

Nimerudia mara tatu, polepole, kidole juu ya mstari. Miche ipo. Kivuli kipo. Mbolea ipo.

Mto haumo.

 Mama alishuka bondeni karibu na mto, akang'oa vigingi nilivyopigilia wiki jana kwa ajili ya choo kipya, akavitia jikoni kama kuni.

Naitwa Biira. Kwetu hilo ni jina la binti wa pili. Wa kwanza huitwa Masika. Hapa nyumbani hakuna Masika. Utotoni niliuliza, nikaambiwa alikwenda, nami nikaenda kucheza. Jina langu nimelijaza kwenye fomu ngapi, harakaharaka, bila kulisoma hata mara moja?

Naona aibu kuliko ninavyoogopa.

Kesho, kabla ya mazoezi, nitakaa pale vilipokuwa vigingi nimsomee dada yangu ukurasa mmoja, polepole. Ijumaa wataniuliza yaliyoandikwa tu, na sijui nitayatenganishaje na yasiyoandikwa.