Pua ya Baba Mkwe

Manundu, Jumanne

Na bado alikuwa anashikilia kwamba karatasi nzuri ni ile isiyokatika! Baba mkwe amesokota kamba za mkonge ujana wake wote, basi hata karatasi ya chooni tunayotengeneza anaipima kwa kuivuta kwa mikono miwili. Ikikatika, ananitazama mimi na mume wangu kama wezi.

Asubuhi mwenye nyumba ya wageni ya Kilole ameturudishia mzigo wote. "Kujitegemea naunga mkono, mama, lakini hii ni msasa." Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye mteja wetu mkubwa. Akituacha, banda letu la karatasi tunalifunga.

Mara ngapi nimesema makapi ya mkonge yachemshwe na magadi siku mbili nzima ndipo yalainike? Lakini nani anamsikiliza mkaza mwana?

Ila Mungu ana njia zake. Baba ana mafua tangu juzi, na leso yake nimeifua. Mchana alichukua karatasi yetu, akapenga. Akapenga tena. Kufika alasiri pua ilikuwa imechubuka. Akawa anaigusa kwa kidole.

"Pole, baba," nikamwambia, nimeuma mdomo nisicheke.

"Nimeshapoa. Mama Zena, ulisema yachemke siku ngapi?"

"Mbili, baba."

"Weka tatu."

Pipa liko motoni. Naomba mwenye nyumba ya wageni ya Kilole atujaribu tena mara moja tu, na nadhani atakubali.

Leso ya baba ilikauka tangu jana. Sijamrudishia.