Mtani Aliyekula Ugali Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kisanga tu wazima, bibi yako amemaliza kupalilia mahindi. Umeniuliza huzuni inaondokaje.

Enzi za Mwingereza, nilipokuwa nakata mkonge Kilosa, nililetewa habari kuwa mama amefariki kwetu Unyamwezi. Nikajifungia kambini, chakula sikigusi. Mtani wangu, Mluguru mmoja, akaingia, akavuta sahani yangu, akaanza kula.

"Mama yako kaniachia mimi huu ugali," akasema.

Nikashikwa na hasira. Tukanyang'anyana matonge hadi nikajikuta nacheka, na sahani iko tupu.

Huzuni haikuondoka siku ile. Ila nilikuwa nimekula, tena si peke yangu.

Wewe huko chuoni, leo umekula na nani?

Babu yako