Majibu Marefu Hayapiti

Ruring'u,
16 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimepungua. Mgongo wako unaendeleaje huko Mwea? Hapa tunasoma tu. Mwalimu mpya wa maabara ya kompyuta anaitwa Peterson. Anatafuna peremende akifundisha. Sweta yako bado imetundikwa nyuma ya mlango wa maabara. Sikuthubutu kuiomba.

Unajua barua zetu husomwa ofisini, kwa hivyo naishia hapa.

Ni mimi binti yako,
Wakiuru


Mwea,
23 Februari 2025

Mami, binti yangu,

Nimeshukuru kusikia kikohozi kimepungua. Endelea na maji moto. Mimi niko sawa. Hapa kwa kinu cha mchele kazi ni ya magunia, na vumbi la makapi linaingia mpaka kwa chai. Vijana wananiita Engineer. Ati niliambie gunia password litembee lenyewe! Nacheka nao.

Sweta mwachie Peterson, huko kuna baridi. Wasichana wakisema kitu juu yangu usijibu. Mtihani wa Form Four haungoji mtu. Ya maabara yalikwisha.

Babako


Ruring'u,
9 Machi 2025

Baba,

Unisamehe sikuulizi hali kwanza. Nikianza na salamu nitaishia kwa salamu, kama kawaida yangu. Barua hii haijapita ofisini. Mama Wamae wa jikoni ataibeba ndani ya kikapu chake.

Ni mimi niliharibu mtandao.

Unakumbuka Jumamosi ile ulipoenda Kiriaini kumzika mjomba, ukaniachia ufunguo nikupanguzie vumbi kwenye chumba cha mashine? Kompyuta yako ulikuwa umeiacha wazi kwenye ile firewall, mlinzi anayekagua kila kitu kinachoingia shuleni kutoka kwa mtandao. Nilikuwa natazama tu. Nikafika mahali pa DNS, ile huduma inayoulizwa jina la tovuti na kujibu namba yake. Ulikuwa umeweka kikomo cha jibu: baiti 4096. Nikashtuka. Kitabu chetu cha maabara, kile kilichong'oka jalada, kinasema jibu la DNS halizidi baiti 512, na likizidi huenda ni la wavamizi. Nikajua umekosea.

Ningengoja urudi nikuulize. Lakini ningeanzia wapi, Baba? Nikutazame usoni nikwambie wewe umekosea? Niliona haya. Nikaandika 512, nikahifadhi, nikaendelea kupangusa meza. Sikutaka mtu mwingine aje aone kosa lako akucheke.

Kumbe kitabu ni cha zamani. Siku hizi kuna tovuti ambazo majibu yake ni marefu, kwa sababu yanabeba sahihi za kuthibitisha kwamba ni ya kweli. Mafupi yalipita, marefu yakatupwa mlangoni. Ndiyo maana tovuti za mpira na za habari zilifunguka, lakini tovuti ya udhamini wa chuo ikakataa wiki nzima, mpaka siku ya mwisho ya kutuma maombi ikapita. Salwa, anayelala kitanda cha juu yangu, alijaribu mara kumi na tisa. Shule nzima ikasema umeifunga makusudi ili twende kulipia intaneti kwenye cyber ya rafiki yako mjini. Siku walipokufukuza kazi ukatoka na begi lako, nilikuwa dirishani. Nilinyamaza.

Niambie nifanye nini.

Wakiuru wako


Mwea,
16 Machi 2025

Mami,

Natumaini uko mzima. Mimi pia.

Nilijua tangu asubuhi ya kile kikao walichoniitia kunihoji. Niliingia mapema kuchapisha kumbukumbu za mashine ili nijitetee. Nikaona imeandikwa: kikomo kimebadilishwa Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa hiyo mimi nilikuwa kaburini Kiriaini, nimeshika koleo. Na ufunguo niliuacha kwa nani?

Nikarudisha 4096. Nikafuta kumbukumbu yote ya siku hiyo. Tovuti ikafunguka mbele ya kikao, na mwalimu mkuu wenu, Madam Warigia, akawaambia wenzake, "Mnaona? Akibanwa, anafungua." Nikatia sahihi kwamba ni mimi.

Mwanafunzi haruhusiwi kukanyaga chumba kile. Wangekufukuza mwaka wa mtihani. Mimi ndiye nilikupa ufunguo, mimi ndiye niliacha kompyuta wazi. Usiseme kwa mtu yeyote. Nakuomba kama mzazi.

Na siku nyingine ukiona nimekosea, niambie. Sing'ati.

Babako


Ruring'u,
30 Machi 2025

Kwa Baba,

Natumaini mgongo unakuruhusu kulala. Barua yako nimeipata juzi Ijumaa, kwa sababu Mama Wamae alikuwa amelazwa. Mimi nilikuwa nimeshaenda kwa mwalimu mkuu siku ya Jumanne. Nilifika mlangoni mara tatu, nikagonga mara moja.

Nilimwambia yote. Madam Warigia hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Babako amekutuma?"

"Hapana, Madam."

Akamwita Peterson aangalie mashine. Peterson akarudi akasema siku hiyo haina kumbukumbu yoyote. Ndipo Madam akatoa karatasi yako kwa faili, akaigeuza nione sahihi.

"Huyu ni mtu mzima, na ameandika kwa mkono wake. Unampenda babako, na hiyo ni vizuri. Rudi darasani."

Hata hakukasirika. Nilitamani sana akasirike.

Siwezi kurudi tena, Baba. Maneno niliyokuwa nayo yaliishia pale.

Salwa amepata barua kutoka kwao. Akimaliza mtihani ataenda kusimama kwa duka la shangazi yake, mambo ya chuo yaishe. Jana alishuka kutoka kitandani kwake, akaketi kwangu, akanishika mkono. Akasema, "Nimeomba mpaka moyo umetulia. Mwambie babako nimemsamehe."

Nilifungua mdomo. Taa ilikuwa inawaka, tulikuwa wawili tu, na alikuwa ananitazama akingoja.

Nikamwambia, "Asante. Nitamwambia."

Sasa nimekwambia.

Binti yako,
Wakiuru