Usimwage Saruji kwenye Kaburi

Kambini, Somalia
9 Novemba

Kaka yangu Nashon,

Hamjambo hapo Buhehe? Mgongo wa shemeji Nerima unaendeleaje? Mihogo mmeshang'oa? Mimi nakula, natembea, ila usingizi ndio umenikimbia. Barua hii nampa askari anayekuja likizo, maana mambo haya siwezi kuyasema kwa simu. Kabla hujasoma zaidi, mwambie fundi asimwage saruji kwenye kaburi la mwanao Mangeni. Msalaba nao usubiri.

Haya. Unajua mwezi wa Juni gari lao lilikanyaga bomu. Mangeni alikuwa na rafiki yake Swabur wa Busia mjini, mtoto wa Mama Kulusumu, wale wenye malori ya Malaba. Waliungua wote wawili. Sisi wa kitengo cha tiba ndio tunaopokea maiti na kuziandikia majina, na zamu ilikuwa yangu. Ole wangu, mimi baba yake mdogo nilisimama pale nisimjue mtoto wetu! Sura hakuna, vitambulisho vimeteketea. Mmoja tu ndiye aliyesalimika kidogo kiunoni, nikaona ametahiriwa. Nikasema huyu ni Swabur, Mwislamu, maana nyumbani kwetu hatutahiri, na wewe ulimwambia Mangeni mbele yangu kwamba akithubutu asikanyage kwako. Nikaandika majina. Masanduku yakafungwa, amri ikatoka yasifunguliwe.

Wiki jana nesi mwenzangu Elungat, wa kabila la Wateso kule Molo, alirudi kazini; aliondoka mwishoni mwa Mei, na habari za bomu hakuwa amezipata. Tukiwa tunachemsha vyombo vya tiba akaniuliza kama kidonda cha Mangeni kilipona vizuri. Nikamuuliza kidonda gani. Akasema alimtahiri yeye mwenyewe hapa kambini mwezi wa Mei, na Mangeni akamwapisha asiniambie, nisije nikakufikishia. Kaka, hapo nikakumbuka. Yule niliyemwandika Swabur alikuwa na kovu bichi, jekundu, na watoto wa Kiislamu hutahiriwa wangali wadogo. Nililiona kwa macho haya, nikadhani ni moto.

Mficha uchi hazai, basi nasema wazi. Aliyelala hapo nyuma ya nyumba yako, mliyemkesha kwa nyimbo za kanisa, ni Swabur. Mangeni yuko makaburi ya Waislamu mjini, na Mama Kulusumu humwombea dua kila Ijumaa akidhani ni wake. Yeye hajui bado. Mkubwa wangu nimemweleza, amenipa wiki mbili, nafika tarehe ishirini. Nisubiri twende kwa yule mama pamoja. Peke yangu nitashindwa, kaka, nakwambia kweli.

Shemeji mweleze wewe, polepole, akiwa ameketi. Wasalimie watoto na majirani wote, Mungu awatunze mpaka tuonane. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi niliyeandika majina, hata fimbo nitapokea. Mangeni usimkasirikie. Alikuwa vitani, na bado aliyemwogopa ni wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Sajini Oguttu